Subira wa Gazi na Picha Iliyolia

Ukimwona Subira Chirau anabusu karatasi, usimcheke, wala usiende kumsema kisimani kama walivyofanya wengine. Yuko kazini. Karatasi ya picha ina sura mbili kama watu wengi tu tunaowajua: upande mmoja huupokea wino ukatulia, upande wa pili huupokea usoni kisha ukautema. Ukizitazama kwa macho, pande zote mbili zinakuchekea. Basi Subira huulowesha mdomo kidogo akaubandika kwenye pembe ya karatasi. Upande unaonata ndio wa kuchapia. Lakini Bi Maimuna, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alimchungulia dirishani siku moja, akaenda kutangaza kwamba Subira ameposwa na karatasi na mahari imekwisha kupokelewa. Na wapo waliouliza harusi lini.

Mashine yenyewe ya kuchapia picha aliipata Diani. Alikuwa akifanya kazi za nyumbani kwa mama mmoja wa Kizungu, na mama huyo alipofunga mizigo kurudi kwao moja kwa moja, aliwaita wafanyakazi wote akawaambia kila mtu achague kitu. Mmoja akachukua mapazia, mwengine akachukua masufuria mazito yasiyoshika chakula. Subira akaelekeza kidole kwenye kisanduku cheusi kilichokuwa kimelaliwa na paka. Wenzake wakamcheka. Hata yeye hakuweza kueleza alikitakia nini. Alijua tu kwamba kila kisanduku kile kilipokoroma, mtu aliyekuwa Ulaya alitoka mle ndani ametulia kwenye karatasi, anacheka, meno yake yote kamili. Akafikiri, kama Ulaya inaweza kutoka humu, Gazi itashindwaje?

Alirudi nayo kwenye tuktuk ya jamaa yake Luqman, ameipakata kama bi harusi, na Luqman anaapa kwamba katika kila tuta alimsikia akiiambia pole.

Wa kwanza kuchapwa alikuwa Bi Maimuna huyo huyo. Alijipamba, akajifunga leso mpya, akasimama mbele ya mlango, akapigwa picha kwa simu. Kwenye simu alipendeza. Kwenye karatasi alitoka mweusi tititi, na wino haukukauka, ukamshika kidole gumba mpaka sikukuu.

"Subira," alisema, karatasi ameishika mbali naye, "huyu ni mimi ama ni chini ya sufuria?"

"Ni wewe, Bi Maimuna. Si unauona ushungi?"

"Ushungi nauona. Aliyeuvaa ndiye simwoni."

Ndipo Subira alipoanza kujifunza, na mwalimu wake alikuwa hasara na aibu. Alijifunza kwamba simu ni mwongo mwenye mwanga wa kukopa. Ukiitazama nje juani imewaka mwanga wake wote, kila mtu anang'aa, ukichapa unapata giza. Kwa hiyo akawa anaingia ndani, anaupunguza mwanga wa simu mpaka ufanane na mwanga wa karatasi, kisha ndipo anazipandisha nyuso taratibu. Alijifunza kwamba mashine lazima iambiwe imelishwa karatasi gani. Usipoiambia, hudhani ni karatasi ya daftari la shule, ikakutolea rangi za kutia huruma. Alijifunza pia kwamba ikikaa wiki nzima bila kazi, wino hukauka puani mwake kama mafua, na picha hutoka na mistari. Basi kila Jumatatu alimpiga picha jogoo wa Maimuna akamchapa kwenye kipande kidogo, maana jogoo yule alikuwa na kila rangi aliyoiumba Mungu, na rangi zote zikapata mazoezi. Jogoo akazoea. Ikawa Jumatatu akimwona Subira na simu, anasimama upande na kutunisha kifua.

Unyevu ndio uliomtesa zaidi. Gazi hewa yenyewe unaweza kuikamua. Wakati wa masika ukiacha karatasi mezani, asubuhi unaikuta imejikunja kama chapati, na ukiingoja kidogo tu itaota mizizi ya mkoko na kaa watahamia. Subira akatafuta bati la biskuti lenye mfuniko wa kubana, akatia mchele mkavu kwenye mfuko wa kitambaa, akazilaza karatasi zake juu yake. Tangu hapo karatasi zikanyooka kama watoto wa chuoni wakimsikia maalim anakohoa.

Sasa, Subira hakuzaliwa na bati la biskuti wala na mashine. Mamake alifariki yeye angali ananyonya, na aliyemlea ni Mwanaima, mdogo wa mamake, pamoja na mumewe Abdulwahab, muangua nazi. Wao wenyewe hawakuruzukiwa mtoto, wakamlea Subira kana kwamba wamemwomba kwa dua. Kuna siku Subira mdogo alishikwa na homa kali, na Abdulwahab akambeba mgongoni kwa miguu mpaka hospitali ya Msambweni. Hadithi hiyo imesimuliwa mara nyingi, na kila ikisimuliwa huongezeka mto mmoja wa kuvuka. Sasa hivi imefika mito saba, na mmoja una viboko. Subira hajapata kusahihisha. Husema tu, "Mgongo wake ulikuwa mpana, nakumbuka."

Abdulwahab hakupenda picha kabisa. Simu ikitolewa, yeye hukumbuka kuna mnazi unamngoja. "Uso wangu ninao," alikuwa akisema, "wa nini mwengine?" Kwa hivyo alipougua kidogo tu akaenda zake, Mungu amrehemu, ikaonekana kwamba duniani kote kumebaki picha yake moja. Luqman, ambaye Abdulwahab ni ami yake, alimpiga picha kwa kuiba katika harusi ya Msambweni, amesimama pembeni ya hema na sahani ya pilau mkononi.

Luqman alimtumia Subira picha hiyo kwa WhatsApp, na Subira, ambaye siku zile ndiyo kwanza ameacha kuchapa upande wa nyuma, akaichapa. Uso ulitoka, lakini ulitoka kama mtu anayetazamwa kupitia chandarua. Mama Mwanaima hakulalamika. Alikuwa katika eda ya mumewe, ndani, nguo zake za kawaida zisizo pambo, bila hina wala wanja wala tone la manukato, na karatasi ile aliipokea kwa mikono miwili. Ukutani hakuitaka. "Hapa ninaswali," alisema. Akaiweka kabatini katikati ya leso zake, na kila jioni huifungua, huitazama, huifunga.

Eda ikaisha, siku ya Ijumaa. Wanawake wakaja, wakamwogesha, wakamfunga leso mpya yenye rangi, wakapika, wakala, wakamwombea dua, wakaondoka. Mama Mwanaima alipobaki peke yake akautoa mrashi aliokuwa ameufungia miezi yote ile, akatia marashi. Kwa mkono wa miaka mingi, kabla hajajinyunyizia mwenyewe hata tone, akafungua kabati akamnyunyizia kwanza mumewe, kama alivyokuwa akiinyunyizia kanzu yake kila Ijumaa kabla hajatoka kwenda msikitini. Akafunga kabati. Alipolifungua tena baada ya alasiri, macho ya Abdulwahab yalikuwa yamemiminika mpaka kidevuni.

Maimuna, ambaye ukuta wake wa pili ni wa Mama Mwanaima, ndiye aliyeusikia ukelele wa kwanza, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kulizuia jambo. Gazi ilisema picha imelia. Lilipofika Msambweni, picha ilikuwa ikilia kwa kwikwi na kutaja majina ya watu. Na Mkwiro, kule kisiwani, ambako maji matamu ni shida, watu waliambiwa picha imelia mpaka kabati limeelea, na wengine wakaanza kuulizia chombo cha kuvukia, ndoo mkononi.

Subira alikuwa amekwenda Ukunda kutafuta wino. Aliporudi alipitia moja kwa moja kwa mama yake. Akamkuta chumba cha ndani, dirisha limefungwa, ile leso ya rangi imekunjwa pembeni, yeye amezivaa tena nguo za eda. Chakula cha tangu jana kiko pale pale, kimefunikwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Rudishia mlango."

"Mama, mbona umezivaa tena hizi? Si umeshatoka?"

"Hakuniruhusu."

"Nani?"

"Mwenyewe." Akaitoa karatasi chini ya mto. "Nimeshika marashi siku ya kwanza tu, mume wangu akalia. Amenilaumu, Subira. Amesema, Mwanaima, umekuwa na haraka hivyo?"

"Maalim si amekuletea salamu kwamba eda yako imetimia?"

"Maalim hajaona alivyolia."

Subira akaketi mkekani karibu naye. Alijua vizuri kilichotokea, na alijua pia kwamba karatasi ile ameitoa yeye. "Mama, hayo si machozi. Ni wino. Wino wa mashine yangu ni wa maji, ukiutia maji unatoka. Ni kama vile kombe, si yale maandishi ya zafarani kwenye sahani? Unatia marashi, yanayeyuka, mgonjwa anakunywa."

"Astaghfirullahi!" Mama Mwanaima akainuka nusu. "Kombe ni maneno ya Mwenyezi Mungu! Hii ni picha ya mwanamume anakula pilau! Usinichanganyie, mtoto wewe."

Bi Maimuna, aliyekuwa mlangoni akijifanya anatafuta ndala zake, akadakia, "Na isitoshe, pilau haikulia. Amelia yeye tu. Hilo nalo lieleze."

"Pilau iko chini, Bi Maimuna. Marashi yamempata kichwani."

"Hmm," akasema Maimuna, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuwaambia watu wengi mno.

Subira akaondoka. Akarudi na mrashi wa mama yake kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili picha ya jogoo, ya Jumatatu iliyopita, kilemba chekundu kichwani na mkia wa kijani unaong'aa. Akaiweka mkekani, akamnyunyizia jogoo matone machache kichwani. Wanawake wote watatu wakainama. Kwanza hakikutokea kitu. Kisha kile kilemba kikaanza kulegea, kikateremka jichoni, kikapita shavuni, na jogoo akalia machozi mekundu mpaka kifuani.

"Subira!" Maimuna akaruka. "Jogoo wangu mzima, nimemwacha jikoni anakula pumba! Wallahi usinifanyie uchuro!"

Mama Mwanaima alimtazama yule jogoo. Akasema polepole, "Haya. Na huyu naye, ni mkewe yupi aliyetoka eda?"

Halafu akacheka. Alicheka kwa kujizuia, kisha ikamshinda, akashika ukuta. Maimuna naye akacheka, na kicheko cha Maimuna ni kile ambacho kikianza Gazi, mbuzi wa Kinondo hukata kamba. Subira akamshukuru Mungu kimoyomoyo, akadhani yamekwisha.

Hayakwisha. Mama Mwanaima alijifuta macho, akaichukua tena picha ya mumewe, na kicheko kikamtoka usoni.

"Kumbe hakulia yeye. Mimi ndiye niliyemfuta."

"Nitakuchapia nyingine, mama, sasa hivi."

"Ile ile?"

"Ile ile."

"Basi usijisumbue." Akaongea kwa upole, na upole ule ndio uliouma. "Sikutaka kukwambia, kwa vile ulinifanyia kwa mapenzi. Lakini ile picha ina ukungu, Subira. Nimeitazama kila jioni, na sasa nikifumba macho namwona yule wa karatasini. Yule wangu ananipotea. Usinichapie ukungu tena. Niache hapa hapa ndani, nimtafute mwenyewe kabla hajakwenda kabisa."

Akageukia ukuta, na nguo za eda hakuzivua.

Asubuhi Subira akashuka Diani. Akamkuta Luqman kituoni, mtu mzima wa ndevu na watoto wawili, amelala ndani ya tuktuk miguu iko nje.

"Luqman! Amka. Nataka picha ya ami yako."

"Da Subira, si nilikutumia zamani?"

"Ulinitumia makapi. Nilikuwa sijui. WhatsApp inakamua picha kama tui, ikishakamua kinachofika ni chicha. Ile yenyewe, ile nzima uliyoipiga, iko wapi?"

Luqman akajikuna ndevu. "Iko simu ya zamani. Ile iliyovunjika kioo. Lakini..."

"Lakini nini?"

"Iko kwa mwanangu mdogo. Ndiyo inayomnyamazisha."

Wakaenda. Mtoto alinyang'anywa simu katikati ya katuni, akapiga kelele zilizosikika, kwa maneno ya mamake, hadi mpaka wa Tanzania, na maafisa wa huko wakatoka nje kutazama. Luqman akaitafuta picha kwa kidole kupitia nyufa za kioo. Ilikuwepo. Subira akamsimamia begani. "Usiitume kama picha. Itume kama faili, ifike na uzito wake." Ikachukua muda kufika, na Subira akafurahi kwa ule muda, maana mzigo mzito ndio huchelewa.

Nyumbani alinawa mikono mpaka mafuta yote ya nazi yakatoka. Akaipigisha mashine mistari ya majaribio mpaka kila rangi ikatoka bila kukatika. Kisha hakugusa karatasi kubwa. Kama mpishi anayeonja mchuzi kiganjani kabla hajaupeleka kwa wageni, akachapa uso peke yake kwenye kipande kidogo. Kivuli cha hema kilikuwa kimemla: alitoka mweusi. Akapandisha mwanga. Akatoka kama amepakwa unga. Akateremsha. Akatoka na rangi ya manjano, kama mgonjwa, na Subira akakasirika, akasema kwa sauti, "Baba hakuwa hivi." Akafumba macho akamtafuta, si wa karatasini, bali yule wa mgongo mpana, shingo yake aliyokuwa ameiegemea na homa yake. Ilikuwa rangi ya kifuu cha nazi kilichosuguliwa na mchanga mpaka kikang'aa. Akapunguza umanjano, akaongeza wekundu kidogo sana. Kipande kikatoka. Subira akakitazama, akavuta pumzi.

Hapo ndipo alipofungua bati, akatoa karatasi, akaibusu pembe.

Ilipotoka hakuipuliza, hakuiweka juani, hakuisogeza kwenye feni. Aliilaza kwenye sinia, akaifunika kwa kawa ili vumbi na nzi wasiikaribie, akaiacha ilale. Maimuna alikuja kuuliza, "Imeiva?" Akaambiwa bado. Akarudi tena. "Nifunue nionje?" Akafukuzwa. Kesho yake Subira akaitia kwenye fremu yenye kioo, akazungushia ukanda wa kadibodi pembeni ili kioo kisiguse uso, akaifunga kwa leso akaipeleka.

Mama Mwanaima alikuwa pale pale, ameelekea ukutani. Akaipokea kwa heshima tu, kama mtu anayepokea chakula asichokuwa na njaa nacho. Akaifunua.

Chumba kilikuwa na kiza. Akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali. Kisha, bila kuombwa, akasimama, akafungua mlango wa chumba, akapita ukumbini, akafungua mlango wa mbele, akatoka barazani kwenye mwanga na nguo zake zile zile. Subira akamfuata nyuma, haoni uso wake, anaona mabega tu, na mabega yalikuwa yanatikisika. Akaogopa.

"Mama? Sikumpatia?"

"Hebu njoo uone." Kidole chake kilikuwa juu ya kioo, kwenye kofia ya mumewe. "Hii kofia niliishona mwenyewe. Mwaka mzima, ua kwa ua. Hili hapa, unaliona? Limepinda. Nilikosea nyuzi. Nikamwambia, hii iache, haifai kuvaliwa mbele za watu, nitakushonea nyengine. Akasema taib, ataiacha." Akacheka na machozi yakamtoka pamoja. "Hakuniambia, mwanamume yule! Kanificha! Kaenda nayo harusini Msambweni, mbele ya watu wazima wote, na kosa langu kaliweka mbele, juu ya paji la uso!"

Subira akainama. Ni kweli, ua lile lilikuwa limepinda, na chini yake palikuwa na jicho la Baba Abdulwahab, wazi, na mikunjo yake pembeni, anaitazama pilau yake kwa furaha.

"Ndiye?" akauliza.

"Ndiye. Ndiye hasa." Mama Mwanaima akamshika Subira kichwa kwa mkono mmoja, akambusu katikati ya utosi. "Alhamdulillahi. Mungu akulipe, mwanangu. Umenirudishia, na umenirudishia na jambo nililokuwa silijui." Akajifuta uso kwa upindo wa leso, akajitazama zile nguo alizovaa kama vile ni za mtu mwengine. "Nitolee ile leso ya rangi mle ndani, nijifunge, njaa inaniuma." Kisha akageukia ukuta wa jirani, akaita kwa sauti ambayo Gazi ilikuwa haijaisikia tangu msiba:

"Maimuna! We Maimuna! Njoo uone kofia niliyomharibia mume wangu, na alivyoivaa!"